Pima Kwanza, Ndipo Ununue Nyumba

(Haya ni mazungumzo waliyopewa wahitimu wa kisomo cha watu wazima kijijini. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme habari ya kununua nyumba kijijini. Nimefurahi, maana jambo hili linawagusa wengi waliokaa hapa. Mmoja ameuza pamba, mwingine ameuza ng'ombe, mwingine kijana wake kamletea fedha kutoka mjini. Anasikia kuna nyumba inauzwa kijiji cha jirani. Anakwenda, anaiona, bati linang'aa, ukuta mweupe. Anarudi nyumbani, anachukua fedha, analipa. Fedha alizotafuta kwa miaka kumi zinaondoka kwa asubuhi moja.

Nawauliza: mtu akienda mnadani kununua fahali, anafanyaje? Anamfunua midomo aone meno. Anamtembeza aone kama anachechemea. Anamzunguka mara tatu. Sasa fahali tunampima hivyo, na nyumba je? Nyumba wengi tunaipima kwa macho tu, tena kwa mbali.

Kupima nyumba kabla ya kununua ni kazi mbili. Kwanza, kuipima ardhi: iko wapi, inaishia wapi, na ni ya nani. Pili, kulipima jengo: ni zima au ni bovu. Watu wengi hufikiri kupima ni kazi ya mtaalamu mwenye darubini ya miguu mitatu tu. Mtaalamu huyo yupo, nitamfikia. Lakini sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanya wewe mwenyewe, kwa kamba, kisu, jiwe, na kalamu. Ndiyo maana tulijifunza kusoma na kuhesabu.

Ardhi ni ya nani?

Naanza na ardhi, kwa sababu ukuta mbovu unaweza kuutengeneza, lakini nyumba iliyo katika ardhi ya mtu mwingine huwezi kuitengeneza kwa saruji.

Ndugu zangu, katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Tunachokuwa nacho sisi ni haki ya kuitumia. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Kwa sheria hiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji ni Halmashauri ya Kijiji. Kwa hiyo anayekuuzia nyumba kijijini anakuhamishia haki yake, na Halmashauri ya Kijiji lazima ijue na ikubali. Hili si jambo jipya. Katika shauri moja la mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mauzo ya ardhi ya kijijini bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni batili. Batili maana yake ni kama hayakufanyika. Fedha umetoa, lakini mbele ya sheria hukununua kitu.

Basi safari yako ya kwanza isiwe kwa muuzaji. Iwe ofisi ya kijiji. Muone Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti. Uliza: hapa kuna masjala ya ardhi? Masjala ni mahali panapotunzwa daftari na hati za ardhi za kijiji. Kama mwenye nyumba anayo Hati ya Haki Miliki ya Kimila, nakala yake itakuwa humo. Isome mwenyewe. Soma jina, soma majirani waliotajwa, tazama ramani, tazama muhuri. Kama jina lililo kwenye hati silo la anayeuza, simama hapo hapo, uulize.

Uliza pia kama hati hiyo imewekwa dhamana ya mkopo. Siku hizi mtu anaweza kukopa benki au katika chama cha akiba na mikopo kwa kuweka hati ya kimila. Ukimnunulia mtu huyo, unanunua nyumba pamoja na deni.

Vijiji vingi bado havijapimiwa watu wake hati. Hapo utategemea vichwa vya watu: majirani na wazee. Usione aibu kwenda kwa mzee mwenye miaka themanini ukamuuliza, "Babu, hapa alikaa nani kwanza?" Mnajua historia yetu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi sana walihamishwa kwenda kukaa katika vijiji vya pamoja. Waliacha mahame yao, na wakapewa viwanja ambavyo pengine zamani vilikuwa vya watu wengine. Miaka mingi baadaye wajukuu wakaanza kudai: hapa palikuwa pa babu. Sheria ile ya 1999 ililitazama jambo hili. Ilisema ardhi iliyogawiwa watu kijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 imethibitishwa kuwa iligawiwa kihalali. Kwa hiyo ukisikia kiwanja kina ugomvi wa namna hiyo, usikimbie moja kwa moja. Uliza kiligawiwa lini, na nani, na nani anakumbuka. Lakini ugomvi wenyewe uumalize muuzaji, kabla hujatoa hata senti.

Kuna mtu mmoja, sitamtaja jina, yeye aliuza ng'ombe watano akanunua nyumba ya vyumba vitatu. Walikubaliana jioni kilabuni. Karatasi waliandika, ndiyo. Mashahidi walikuwapo wawili, wote rafiki za muuzaji, wote wanakunywa naye. Jirani hata mmoja hakuitwa. Ofisi ya kijiji haikuambiwa. Mwaka wa tatu wakaja ndugu wawili wa muuzaji na dada yao. Kumbe nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, mirathi haijagawanywa, na aliyeuza hakuwa msimamizi wa mirathi. Shauri likaenda Baraza la Ardhi la Kijiji likashindwa kupatanishwa, likaenda mbele. Nyumba ikarudi kwa watoto wa marehemu. Muuzaji alikuwa amekwisha hama, na fedha amekwisha kula. Yule bwana leo amepanga chumba, yeye na mke na watoto wanne.

Kwa hiyo kama nyumba ni ya marehemu, dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Msimamizi huyo huteuliwa na mahakama, hateuliwi na kikao cha ukoo peke yake, ingawa kikao cha ukoo hupendekeza jina. Barua hiyo uisome, kisha uwaone warithi wenyewe, hasa mabinti. Mabinti husahauliwa makusudi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Binti aliyesahauliwa leo atakuja kesho, na atakuwa na haki ya kuja.

Na kama muuzaji ana mke? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Basi usizungumze na baba peke yake barazani huku mama yuko jikoni. Mwite mama aje asikie, aseme mwenyewe, atie sahihi mwenyewe. (Nasikia akina mama wanapiga makofi. Haya.)

Mipaka

Sasa tuseme mwenye nyumba ni yule yule, na familia imekubali. Uzunguke mpaka wote kwa miguu yako. Usionyeshwe kwa kidole ukiwa kivulini: "Inaishia pale kwenye mwembe." Pale wapi? Mwembe upi? Upande huu wa mwembe au upande ule? Utembee na muuzaji, na majirani wa pande zote nne, na mjumbe wa kijiji. Kila kona simameni. Jirani aseme, "Ndiyo, hapa ndipo tunapokutana." Tazama alama. Wengine hupanda minyaa, wengine mikatani, kule Kilimanjaro hupanda masale. Alama ya mmea ni nzuri, lakini mmea hukua na kusogea, na mwingine husogezwa usiku. Kona zikikubaliwa, chimbieni mawe.

Halafu pimeni ukubwa. Muuzaji atasema, "Hapa ni ekari mbili." Ekari moja kwa desturi yetu ni hatua 70 kwa hatua 70, hatua ndefu, kila moja karibu futi tatu. Sabini mara sabini ni 4,900. Tuseme umepima kiwanja chake, umepata urefu hatua 105 na upana hatua 60. Zidisha: 105 mara 60 ni 6,300. Gawanya kwa 4,900. Utapata ekari moja na robo na kidogo. Ziko wapi ekari mbili? Hapo humwiti mtu mwizi. Unamwonyesha hesabu yako, na bei inashuka. Ila hatua za mtu mrefu na za mtu mfupi si sawa, kwa hiyo tumieni kamba au utepe wa mita. Kwa mita, ekari moja ni karibu mita za mraba 4,047. Msichanganye hatua na mita katika hesabu moja, mtapotea.

Kama ardhi ni kubwa, au kona zake ni nyingi, au kuna maneno, ndipo mwombeni mpima ardhi wa Halmashauri ya Wilaya. Katika vijiji vya Iringa mipaka ya watu wengi imepimwa kwa simu za mkononi zenye programu maalumu, kijana wa kijiji anazunguka nayo mpakani, na kila jirani yupo. Ulizeni wilayani kama kijiji chenu kimo katika mpango. Malipo yoyote mtakayoambiwa ofisini, daini stakabadhi.

Tazameni pia nyumba iko karibu na nini. Ikiwa karibu na barabara kuu au ya mkoa, pimeni kutoka katikati ya barabara. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara hizo ni mita 30 kila upande. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi mtaiona siku moja imepigwa alama ya X nyekundu. Ikiwa karibu na mto au ziwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 mbali na ukingo. Ulizeni pia kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi. Usije ukanunua nyumba katikati ya eneo la malisho.

Na ulizeni vitu vinavyobaki. Huku Pwani miti inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Unanunua nyumba, kesho anakuja mtu kuangua nazi, anakwambia minazi ni yake, na anasema kweli. Je, kuna makaburi? Wenye makaburi watataka kuja kuyazuru. Je, njia ya kwenda kisimani inapita uani? Yote yaandikwe.

Jengo lenyewe

Hapa chukueni fundi mwashi. Asiwe fundi aliyeijenga nyumba hiyo, wala shemeji wa muuzaji. Mlipeni ujira wa siku moja. Wapo watakaosema ni kupoteza fedha. Mimi naona ni bei ya mabati mawili au matatu, na inakuokoa usinunue nyumba nzima ya kubomoa.

Nendeni mchana, jua likiwa kali. Ingieni ndani, fungeni milango na madirisha, tazameni juu. Penye tundu kwenye bati mtaona nyota ya mwanga. Hesabuni nyota. Ulizeni na unene wa bati: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Wengi hudhani kinyume.

Kisha kisu. Fundi apande, achome kenchi na boriti kwa ncha ya kisu. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyoliwa, kisu huzama kama kwenye kiazi kilichoiva. Unga mwembamba chini ya mbao ni kazi ya bungua. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni barabara za mchwa. Kama nyumba ni ya miti na udongo, chimbeni kidogo chini ya nguzo za kona, maana mchwa huanzia chini, juu pakiwa bado pazuri.

Kuta. Ukuta uliopakwa chokaa jana unitie shaka. Kwa nini jana? Mtazame kwa karibu kuna nini chini ya chokaa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu tu si ugonjwa mkubwa. Ufa unaoingia kidole, au unaoshuka kama ngazi kwenye viungo vya matofali, hiyo habari inatoka kwenye msingi. Ufa unaoanzia kona ya dirisha, muulizeni fundi kama nyumba ina linta. Kama hamjui ufa umelala au unaendelea kukua, bandikeni karatasi juu yake kwa gundi, pande zote mbili zishike, andikeni tarehe. Rudini baada ya mwezi. Karatasi ikikatika, ukuta unatembea.

Kujua kama ukuta umesimama wima, fungeni jiwe kwenye uzi, uninginizeni kutoka juu ya ukuta. Hiyo ni timazi. Uzi ukikaribia ukuta juu na kuachana nao chini, mmeona wenyewe. Kujua kama sakafu imelala sawa, fundi anatumia mpira mwangavu uliojaa maji. Maji hayajui kusema uongo.

Udongo nao una tabia. Ule mweusi wa mbugani, unaonata masika na kupasuka kiangazi, huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi hupasuka kila mwaka, hata mkiziba. Tazameni chini ya ukuta kama pana mstari wa maji au unga mweupe wa chumvi. Huko maji yanapanda. Kisha inueni macho mtazame mlima. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walikufa. Nyumba iliyo kwenye mdomo wa korongo ni ya hatari hata kama korongo limekauka miaka yote unayoikumbuka. Ndiyo maana nasema nyumba itazameni mara mbili, na mara moja iwe siku ya mvua, au siku ya pili yake.

Choo na kisima. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini, maji yasiteremkie kisimani. Mulikeni shimo kwa kurunzi mwone limebaki kina gani. Habari ya maji msimuulize baba mwenye nyumba. Waulizeni akina mama wanaochota: mwezi wa kumi mnachota wapi? Ni chumvi? Huko Arumeru na sehemu nyingine za kaskazini tazameni na meno ya watoto waliozaliwa hapo. Yakiwa na rangi ya kahawia, maji yana madini ya floraidi kwa wingi.

Fundi akimaliza, aseme na ninyi muandike: kimoja kimoja, na gharama yake. Mabati ishirini ya kubadilisha, kenchi mbili, choo kipya. Jumlisheni. Hiyo karatasi ndiyo mnayokwenda nayo kwenye mazungumzo ya bei.

Mkataba nao uandikwe ofisi ya kijiji, mchana, kwa maneno yenu mnayoyaelewa. Majina kamili, mipaka na vipimo, majirani wanne na sahihi zao, mwenzi wa muuzaji, miti, njia, bei kwa tarakimu na kwa maneno. Msiandike milioni 4 kwa tarakimu tu. Nukta na sifuri ni rahisi kuongeza.

Naona mkono pale. Ndiyo, mama. Unauliza: muuzaji akikataa nyumba isipimwe, akasema kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho na fedha taslimu? Mama, mwache huyo wa kesho anunue. Wewe funga fedha zako kwenye pindo la kanga, uage kwa heshima, uondoke.

Na mzee nyuma? Anasema yeye alikwisha nunua mwaka juzi, bila haya yote. Mzee, bado hujachelewa, maana muuzaji yupo hai na majirani wapo. Nenda naye ofisini wiki hii, mzunguke mpaka, majirani watie sahihi, na ombi lako liingie kwenye kikao cha Halmashauri ya Kijiji liandikwe katika kumbukumbu. Ukichelewa, mmoja wao atakufa au atahama, na kazi itakuwa ngumu.

Hapa ninayo karatasi ya mfano ya mkataba, na kamba ya mita 50. Wenye nafasi tutoke nje tupime kiwanja hiki cha shule, tuone kila mmoja anapata hesabu gani.